Pati ya Halloween ya mtoto: kababu vidole, kaimati macho, na mama mkwe yupo nyumbani

Swali: "Shikamoo anti. Mi naishi Columbus, Ohio. Mwanangu ana miaka 8 na kaniomba nimfanyie pati ya Halloween nyumbani, ile sikukuu ya huku ya kutishana, Jumamosi kabla ya tarehe 31 Oktoba. Watakuja watoto kama 12, familia tatu ni Waislamu kama sisi, mtoto mmoja ana aleji ya karanga, na kuna mdogo mmoja wa miaka 3. Nikiangalia picha za vyakula vya kutisha nakata tamaa, mi sijui kupamba keki, najua kababu, sambusa, kaimati na pilau basi. Halafu mama mkwe kaja kutoka Tanga, ukimwekea fuvu mezani hali kitu. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Hapo ulipotaja kababu, sambusa, kaimati na pilau, mi nikaona menyu imeshatimia. Wiki ya pati si wiki ya kujifunza chakula kipya. Chukua kitu ambacho mkono wako unakijua hata gizani, ukibadilishe sura, sura tu, ladha iache vilevile, maana mtoto anaogopa kwa macho lakini anakula kwa ulimi, na chakula cha kutisha kisicho na ladha kinaishia kwenye taka. Huku Marekani nimeona meza nyingi zimejaa vikeki vyeusi vya kupendeza kwenye picha, watoto wameng'ata mara moja wameviacha, na mama wa watu kakesha usiku kucha anavipamba.

Mi nna kanuni moja tu: kila sahani ipewe alama moja ya ajabu. Macho, au kidole, au bandeji, au utando wa buibui. Ukirundika macho na damu na buibui pamoja mtu anaangalia hajui ashike lipi, hashtuki. Na katika alama zote macho ndo yenye nguvu, kwa sababu sisi binadamu tumeumbwa tunatafuta sura kila mahali, ukiweka vidoti viwili juu ya kitu chochote kile, hata kiazi, mtu keshaona uso unamwangalia. Kwahiyo kama siku hiyo umechoka huna nguvu ya chochote, tia macho kwenye chakula chako cha kawaida, yatosha.

Suala la kuifanya Halloween au kutoifanya mi siliingilii, hilo la nyumba yenu na mmeshalizungumza. Ila kwa wale wazazi wengine andika meseji wazi kabisa kwamba ni pati ya Halloween, ili mwenye kutaka alete mtoto na asiyetaka asije akajikuta mlangoni kwako anaona aibu kugeuza.

Sasa mama mkwe, nianze na yeye kwa sababu akikaa sawa yeye nyumba nzima imekaa sawa. Mafuvu na makaburi yaache, hata sio lazima. Ile keki ya kaburi ya Wamarekani, chokoleti na biskuti zilizosagwa kuwa udongo halafu biskuti ndefu zinasimama kama mawe ya makaburi, ni rahisi na watoto wanaipenda, lakini kwa mtu mzima aliyezika ndugu zake si kitu cha kuchezea, na hujui mtoto gani katika hao 12 kafiwa na bibi yake mwaka huu. Na vile vidole vya biskuti ambavyo huku vinaitwa vidole vya mchawi, usiviite hivo mbele yake. Kwetu mchawi si mzaha, kuna vikongwe Tanzania, kule Shinyanga na Mwanza, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kisa macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni miaka yote hiyo. Mi kwenye pati zetu natumia zimwi. Zimwi ni letu, lina mdomo mkubwa, linakula watu kwenye hadithi, watoto wanaliogopa na mwisho wa hadithi linashindwa. Iite pati yote Karamu ya Zimwi, andika vikaratasi, vidole vya zimwi, macho ya zimwi, damu ya zimwi, halafu mwombe mama mkwe awakalishe watoto awapige hadithi moja ya zimwi kabla ya kula, paukwa pakawa, we umtafsirie wale wasiojua Kiswahili. Hapo umempa kazi yake ya heshima na taa umezipunguza, wakimaliza hadithi ndo wanageuzwa kuangalia meza. Watapiga kelele hao!

Na ujue hujatoka nje ya asili ya sikukuu yenyewe. Halloween ilitoka Ireland na Scotland, mkesha wa Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na nyuma yake kuna sikukuu ya kale ya kufunga mavuno, na chakula cha usiku ule kilikuwa cha nyumbani tu, tufaha, kokwa za miti kama hazelnut, viazi vya kuponda, na Waireland mpaka leo wana mkate wao wa zabibu unaofichwa pete ndani, atakayeikuta ndo ataolewa. Walikuwa wanachonga taa kwa tanipu, ule mzizi mgumu, wakahamia Marekani wakakuta maboga makubwa na laini zaidi kuchonga ndo ikawa boga. Peremende za dukani zimekuja kushika nafasi baadaye sana, baada ya Vita vya Pili, mgao wa sukari Marekani uliondolewa 1947. Kwahiyo kupika ulichonacho na kukichezea ndo Halloween ya zamani zaidi kuliko hata hiyo ya watoto kupita mlango kwa mlango na mifuko kuomba peremende.

Haya tuingie jikoni. Kababu zako ndo vidole. Nyama ya kusaga ya ng'ombe paundi 2, hesabu vidole 30 hivi, viungo vyako vya siku zote, thomu, tangawizi, kotmiri, pilipili manga, kipande cha mkate kilicholowekwa kikakamuliwa, yai. Kitunguu maji kikune ukikamue kwelikweli kwenye kitambaa, hapa usifanye haraka, maana maji ya kitunguu ndo yanayofanya kababu ipasuke na kidole kilichopasuka hakina umbo. Pilipili kali usitie, weka ya mezani pembeni kwa wakubwa. Kila kidole kiwe kirefu na chembamba kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu nyama ikiiva inajivuta, inafupika na kunenepa. Halafu chukua mgongo wa kisu, bonyeza mistari mitatu katikati na miwili karibu na ncha, hiyo ndo mikunjo ya viungo, na ncha ile ibonyeze na kidole gumba upate kitanda cha kucha. Kucha yenyewe ni kipande cha kitunguu chekundu kilichokatwa umbo la kucha, au hoho nyekundu, kibonyeze kizame kidogo kabla ya kuoka. Ukikaanga kucha zinang'oka, kwahiyo oka, oveni nyuzi 400 za Fahrenheit, dakika 18 mpaka 20, na kama una kipimajoto cha nyama ndani kisome 160, ndo kiwango salama cha nyama ya kusaga huku. Ile ncha ya nyuma, pale kidole kilipokatika, chovya kwenye sosi nzito ya nyanya. Vipange vinatoka kwenye bakuli la kachumbari kama vinajaribu kupanda nje. Mi hii sahani nikiiweka mezani sihitaji nyingine yoyote, na ladha ni kababu ya Tanga ileile.

Pilau inakaa ndani ya hoho za rangi ya chungwa. Hoho moja kwa mtoto mmoja, kata kofia juu, toa mbegu, halafu na kisu kidogo chenye ncha mchonge sura, macho mawili ya pembetatu na mdomo wenye jino moja. Ni kazi ya dakika mbili mbili na mwanao wa miaka 8 anaweza kuchora na kalamu ya wino wa chakula we ukakata. Chagua zinazosimama zenyewe, zenye matako manne sio matatu. Usiziivishe sana, wengi wanazioka nusu saa sura inalegea mdomo unaanguka, we ziache mbichi au oveni dakika 8 tu, pilau ya moto ndo itakayozipasha. Jaza wakati wa kula sio kabla. Pilau yetu ya rangi ya udongo ikionekana kwenye yale macho inapendeza kuliko wali mweupe, jaribu uone.

Soseji za bandeji huku kila mtoto anazijua, ni soseji imezungushiwa vipande vyembamba vya unga ikaokwa ikawa kama maiti ya Misri ya kale. Nunua soseji za ng'ombe au bata mzinga zilizoandikwa halali. Unga wa chapati usitumie, kwenye oveni unakuwa mgumu, tumia unga wa maandazi ukitaka wa nyumbani, au ule wa pizza wa dukani. Sukuma, kata vipande vya upana wa sentimita moja, zungusha ovyoovyo vipishane, acha nafasi ya macho, oveni 375 dakika 12 mpaka 15. Macho tia baada ya kuiva, vidoti vya haradali. Ila yule wa miaka 3 soseji yake uikate kwa urefu mara nne na sio miduara, mduara wa soseji unaziba koo la mtoto vizuri kabisa na ni moja ya vyakula vinavyokaba watoto sana. Zabibu mbichi vilevile, kata kwa urefu kwa mtoto yeyote chini ya miaka 5.

Sambusa zisibadilishe chochote, zipange duara kwenye sahani nyeusi ncha zikiangalia ndani, zinakuwa meno ya zimwi, katikati bakuli la sosi nyekundu. Imeisha hiyo.

Kaimati sasa. Hizi ndo macho, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna mtego. Kaanga kaimati zako ndogo, saizi ya jicho kweli, zipoe kabisa kabisa, na shira usizitie. Yeyusha chokoleti nyeupe taratibu, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole au maikrowevu sekunde 20 unakoroga unarudia, na usiruhusu hata tone la maji liingie, wala mvuke, chokoleti ikiguswa na maji kidogo inajikunja inakuwa kama mchanga wenye mafuta na haitarudi ile laini uliyoitaka. Ndo maana kaimati yenye shira haiwezi, shira ina maji. Ndo maana pia rangi za kawaida za chakula za majimaji huziwezi kutia humo ndani, kuna rangi za mafuta maalumu za chokoleti, au iache nyeupe tu kwani jicho ni jeupe. Chovya kaimati, weka kwenye karatasi ya kuokea, kabla haijaganda bandika bluberi moja au tone la chokoleti nyeusi katikati. Ikishaganda chukua kijiti cha meno na rangi nyekundu nzito ya jeli, vuta mistari myembamba kutoka pembeni kuja kwenye mboni, mistari minne mitano iliyopinda, isiyolingana, ndo mishipa. Hapo juu ya chokoleti iliyoganda rangi ya jeli haina tatizo. Sukari ya shira hutaikosa, chokoleti nyeupe ina utamu wa kutosha.

Kama unataka macho yasiyo na kazi kabisa, nenda duka la Waasia, utakuta shokishoki za kopo, au lichi, zimeshatolewa kokwa. Chuja, tumbukiza bluberi kwenye lile shimo, basi, jicho hilo, jeupe, lenye maji, linateleza, na ni tunda tupu. Sisi wa Unguja na Tanga tuliokulia kwenye shokishoki ukizimenya tu tayari unaona jicho linakuangalia. Ziweke chache juu ya kinywaji na nyingine kwenye bakuli. Mama mkwe atakula hizo naamini.

Supu ya boga kama hali ya hewa imekuwa baridi, na Ohio mwisho wa Oktoba ni baridi. Lakini sikiliza, lile boga kubwa la kuchonga unaloona nje ya kila duka si boga la kula, lina nyuzi na maji mengi, limezalishwa kwa sura. Tafuta dogo zito la mviringo la kupikia, au lile boga lenye umbo la chupa, butternut, hilo ndo lina utamu unaokaribia boga la kwetu. Lipike na kitunguu, tangawizi, iliki kidogo, saga, tia tui jepesi, na juu yake uchore utando wa buibui na tui zito, lile la juu ya kopo lililoganda. Litie kwenye mfuko wa plastiki, toboa kona kwa kitobo kidogo, chora duara ndani ya duara, halafu kwa kijiti vuta kutoka katikati kwenda nje mara nane. Supu iwe nzito, ikiwa nyepesi utando unazama. Na boga lililochongwa likakaa nje na mshumaa ndani usije ukalipika, limeshaota vitu usivyoviona. Ila mbegu zake siku ileile ya kuchonga usizitupe, osha, chemsha dakika 10 kwenye maji ya chumvi, kausha, oka 350 kama dakika 20.

Vinywaji. Damu ya zimwi ni rozela, hakuna mjadala. Nyekundu nzito yenye uchachu na haihitaji rangi ya chupa. Usihangaike kuitafuta kwa jina letu, ingia duka la Wamexico uliza jamaica, wao wanatamka hamaika, ni maua yaleyale makavu na bei nafuu. Kikombe kimoja cha maua kwa vikombe nane vya maji, tangawizi, mdalasini, karafuu mbili, chemsha dakika 10, chuja, sukari, friji. Ndani yake uelee mkono wa barafu. Unachukua glovu za kushikia chakula zisizo na poda na zisizo za mpira wa latex, kuna watoto wana aleji nao, osha ndani, jaza rozela hiyohiyo ili mkono ukiyeyuka kinywaji kisipoteze ladha, usijaze mpaka mwisho kwa sababu maji yakiganda yanatanuka, funga, laza kwenye sinia, friza siku nzima au mbili. Kutoa, chovya kwenye maji ya uvuguvugu sekunde chache, kata glovu na mkasi uimenye polepole kuanzia kiganjani, vidole vinakatika kirahisi. Gandisha miwili, mmoja ukivunjika una mwingine.

Utaona watu wanatia barafu kavu ili kinywaji kitoe moshi. Inauzwa madukani huku na moshi wake mzuri mno, lakini ni gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, iko nyuzi 78 chini ya sifuri za Selsiasi, inaunguza ngozi ukiigusa na mtu akimeza kipande inamjeruhi ndani, ukiifungia kwenye chupa au chombo kisichopumua inalipuka, na chumba kidogo kisicho na dirisha inafukuza hewa. Wanaoitumia salama wanaiweka kwenye bakuli kubwa la nje na kinywaji kwenye bakuli la ndani, havigusani, na hakuna mtoto anayejichotea. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka 3 anayefikia meza, mi nakwambia iache.

Badala yake fanya hivi. Nunua chupa mbili za toniki, ile soda chungu yenye kwinini, na balbu au taa ya urujuani mweusi, blacklight, inayouzwa msimu huu kila mahali. Mimina toniki kwenye machupa ya kioo, panga nyuma ya meza, zima taa, washa ile taa, toniki inawaka buluu kama ina umeme ndani. Ni kwinini hiyo inayofanya hivo, kwinini ileile ya dawa ya malaria, inapokea mwanga tusiouona inaurudisha kwa rangi ya buluu. Kwenye toniki ni kidogo sana, sheria ya Marekani inaruhusu sehemu 83 kwa milioni tu, lakini ni chungu watoto hawaipendi na kuna watu wanakatazwa kwinini, wajawazito mmojawapo, kwahiyo ibaki pambo, haiingii kwenye vikombe.

Ukitaka kitu kimoja cha kupendeza picha, fanya vizuka vya ute wa yai. Ute wa mayai 3, limao nusu kijiko cha chai, piga na mashine mpaka upate povu, tia sukari gramu 150 kijiko kimoja kimoja, usimwage yote, endelea mpaka povu linasimama lenyewe linang'aa na ukisugua kati ya vidole husikii chembe ya sukari. Bakuli liwe halina mafuta hata kidogo na kiini kisiingie, vinginevyo halitasimama. Mimina kwenye mfuko, kamua vijisanamu virefu, oveni nyuzi 200 za Fahrenheit saa moja na nusu mpaka mbili, zima, acha humohumo vipoe mlango umefungwa. Macho chora na chokoleti iliyoyeyuka. Siku ya mvua vinanata, ila vikiwa kwenye kopo lisiloingiza hewa vinakaa wiki. Hivi watakula hata wenye kukatazwa ngano.

Haya sasa mambo ya halali na aleji, hapa tafadhali soma polepole. Minyoo ya jeli, mashmelo, na peremende nyingi laini za Marekani zimetengenezwa na jelatini, na ikiandikwa jelatini tu bila maelezo mara nyingi ni ya nguruwe. Tafuta zilizoandikwa halali, au zenye pektini badala yake. Jeli ya nyumbani tumia agar-agar, unga unaotoka kwenye mwani, unachemshwa dakika chache mpaka uyeyuke na unaganda hata nje ya friji, na mezani hauyeyuki ovyo kama jelatini. Vanila ya maji huku ina alkoholi, kuna familia hawaitaki, ipo ya unga. Rangi nyekundu iliyoandikwa karmini inatoka kwa wadudu, nayo waulize wenzio.

Kwa yule wa karanga, usimalize kwa kuondoa karanga tu. Zungumza na mama yake, uliza vitu vinne: karanga, lozi na jamii yake, ufuta, nazi. Ufuta umeingia kwenye orodha ya aleji zinazolazimika kuandikwa kwenye pakiti kuanzia 1 Januari 2023, ukawa wa tisa. Akisema nazi hapana, supu usiitie tui, na utando wake ufanye na krimu. Soma nyuma ya pakiti ya chokoleti nyeupe, nyingi zinaandika huenda ina karanga, tafuta isiyoandikwa hivo. Kama utaoka biskuti za vidole usitie kucha za lozi kama picha zote zinavyoonyesha, tia mbegu za boga, umbo lilelile na zinafaa zaidi kwa msimu. Na pakiti zote zitunze mpaka pati iishe, mama mtu akitaka kusoma asome mwenyewe. Ukiona nyumba za jirani zimeweka boga lililopakwa rangi kati ya buluu na kijani, maana yake hapo wanagawa vitu visivyo chakula, penseli, vimpira, ni kwa ajili ya watoto wa aleji, ilianzia Tennessee 2012 na sasa iko nchi nzima. Weka na wewe moja mlangoni, na huyo mtoto akipewa mfuko wa kuondoka nao uwe wa vitu hivyo.

Rangi nyeusi: watu wanatia mkaa wa dawa kwenye maandazi na aiskrimu. Usitie. Mkaa ule unanasa dawa tumboni, mtoto anayetumia dawa yoyote haitafanya kazi sawasawa. Weusi utaupata kwa kakao nyeusi, ile iliyosindikwa sana mpaka imekuwa kama masizi, vijiko viwili vinageuza unga wote.

Ratiba yako iwe hivi, vizuka wiki moja kabla. Jumatano mikono ya barafu. Alhamisi finyanga kababu na sambusa, tia friza mbichi. Ijumaa usiku rozela na kuchonga hoho, uzifunike na kitambaa chenye maji ndani ya friji, na kababu uzihamishie friji ziyeyuke taratibu. Jumamosi asubuhi kaimati, kwa sababu za jana hazina raha, mchana pilau, soseji na kababu zinaingia oveni watoto wakiwa kwenye hadithi. Chakula cha nyama na mayai kisikae mezani zaidi ya saa mbili, weka saa kwenye simu, maana watoto wakianza kucheza wanarudi mezani baada ya saa tatu wanachukua kababu iliyolala hapo.

Na usiku ule wazazi watakapokuandikia asante wajibu na hili, kwamba mtoto akila vitu vingi vya rangi nyeusi au buluu choo cha kesho yake kinaweza kuwa kijani kibichi, na bitiruti ikiwepo kitakuwa chekundu. Wasikimbilie hospitali, rangi hiyo inatoka yenyewe siku moja mbili. Ikizidi hapo, au mtoto anaumwa tumbo, ndo wampeleke.